Chupa ya Mwisho ya Mfaransa

Jumatatu, 4 Oktoba 1976. Moroni.

Nimefuta glasi kumi na nane. Hakuna aliyezinywea tangu mwezi uliopita, ila vumbi halingoji wageni. Umeme umekatika saa nne, umerudi saa nane. Siagi hakuna. Unga wa ngano hakuna. Koko Zaliha, bibi mpishi wetu, amepika mataba siku ya tatu mfululizo, kisamvu kwa nazi, na mabwana wawili wa wizarani wamekula kimya wakaondoka kimya.

Nyumba hii ya wageni ya serikali nimeijua ikiwa na watumishi kumi na mmoja. Tumebaki wanne. Mwaka jana, baada ya uhuru, Wafaransa walipofunga virago walibeba mpaka taa za mezani. Stoo ya mvinyo waliikomba. Wakasahau chupa moja nyuma ya makasha matupu: Bordo nyekundu ya mwaka 1949. Nimeilaza chini ya ngazi, kando ya birika la maji ya mvua, ndipo penye ubaridi kidogo. Kila asubuhi naipapasa kuona kama imepata joto. Mtu mzima na ndevu zangu nyeupe.

Barua ya mke wangu Mariamu imekuja na mtu wa boti. Fundi Hamadi amekubali tukae tuzungumze. Niende nyumbani Mutsamudu, kisiwa cha pili, wiki hii. (Huku mwanachuoni humwita fundi. Miaka kumi na miwili tangu nirudi kutoka Unguja nilikokulia, na bado nikilisikia neno hilo namwona mtu na msumeno.)

Nina hofu. Binti yetu Nuria ana miaka ishirini na minne. Mchumba wa kwanza aliondoka kwa sababu yangu. Watu wake hawakuficha: hatuoi kwa mmimina pombe. Huyu wa sasa, Anli, mwalimu wa skuli, ndiye anayempenda hasa. Na baba yake Anli ndiye Fundi Hamadi. Kati ya watu wote wa Mutsamudu.

Ijumaa, 8 Oktoba. Mutsamudu.

Nimekaa na Fundi sebuleni kwake baada ya sala ya Ijumaa. Shemeji yangu Daudi, kaka yake Mariamu, alikuwepo kama ada, maana huku mjomba ndiye mwenye mtoto. Nimetoa salamu ya heshima ya huku, "Kwezi", Fundi ameitika "Mbona", tumeletewa kahawa. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Kisha ameuliza moja kwa moja. Unamimina? Namimina. Unakunywa? Sijameza tone tangu nizaliwe. Basi unajuaje kama mvinyo ni mzima? Nikamweleza kazi. Nanusa, nasukutua, natema. Ningeweza kusema nanusa tu. Ulimi wangu huu.

Ameweka kikombe chini. Halafu, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza: "Kinywa ni kinywa, Bwana Salimu. Kile kile unachosukutulia unapotawadha."

Nimeona aibu. Miaka hamsini na mitatu, mbele ya shemeji yangu.

Sharti lake limekuwa hili. Kazi ya serikali haiachwi hivi hivi, anaelewa, watu wangu wanakula. Lakini kile kitu kisiguse tena kinywa changu. Nimeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mkono juu ya Msahafu, Daudi na jirani mmoja mashahidi. Fatiha ikasomwa. Nikahi itakuwa mwezi ujao.

Nuria amenibusu mkono. Hajanibusu mkono tangu yule wa kwanza aondoke.

Njiani kurudi nyumbani nimecheka peke yangu. Kiapo chepesi kuliko vyote duniani. Nchi nzima ina chupa moja, nayo ninaijua ilipolala.

Jumanne, 12 Oktoba. Moroni.

Nimerudi. Bahari ilikuwa mbaya. Glasi kumi na nane, vumbi lile lile. Redio imesema tena juu ya karamu kubwa za harusi, kwamba ni ufujaji. Mariamu amekuwa akikusanya sahani na kanga za harusi hii tangu Nuria hajaota meno. Sitaki kuwa karibu naye leo.

Jumatano, 20 Oktoba.

Nilicheka mapema.

Amekuja Ahamada, kijana wa itifaki. Umri wa miaka ishirini na saba, alisoma Ufaransa, anavaa koti la dengri kama mfanyakazi wa gati ila viatu vyake vinang'aa. Jumamosi ya tarehe thelathini watakuja wageni wanne kutoka nje kuzungumza habari za madaktari. Hospitali tangu Wafaransa waondoke haina mpasuaji. Wageni wakiridhika, watatuletea. Wasiporidhika, tutaendelea kufa kwa vidonda vya tumbo. Ndivyo alivyosema, na katika hilo hana kosa.

Kwa hiyo chakula cha mchana cha heshima. Kamba, kuku, pilau. Halafu akainama, akatazama chini ya ngazi. Sijui nani kamwambia. Akaitoa chupa akaisoma, akapiga mluzi. "Hii itafunguliwa, Mzee Salimu."

Nimemwambia mvinyo wa miaka ishirini na saba katika joto hili si wa kutegemea. Pengine umekufa. Akasema ndiyo maana upo wewe. Utauonja kabla, ukiwa mbovu tutawapa maji ya machungwa.

Nimemweleza habari ya kiapo. Nilidhani ataelewa, naye ni Mwislamu, babu yake ana jina katika msikiti wa Ijumaa. Amecheka. Amesema mambo hayo ya mafundi na viapo nchi imeyaacha. Imeyaacha lini? Jana nimemwona yeye mwenyewe anasalimia mzee mmoja pale Magoudjou kwa kuinama mpaka goti linakaribia kugusa chini.

Nina hasira.

Jumatatu, 25 Oktoba.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Asubuhi nimekuta mahali pa chupa patupu. Nimetafuta nyumba nzima. Nimeikuta jikoni, imesimamishwa dirishani, juani, inameremeta kama chupa ya mafuta ya nywele. Karatasi yenye jina haipo. Ile risasi nyembamba iliyofunika kizibo haipo. Hata yale mavumbi ya miaka ishirini na saba niliyokuwa nayatunza kama mboni ya jicho hayapo.

Koko Zaliha ameiosha. Ahamada alikuja jana usiku kuitazama tena, akairudisha juu ya gunia la mchele la Koko, siyo pangu chini ya ngazi, na Koko ameona mchele wake umetiwa najisi. Ameiosha chupa mara saba, mara moja kwa udongo. Mara saba! Nikamwambia, Koko, hiyo hukumu ni ya mbwa. Akanijibu kwamba mbwa ni bora, mbwa hulinda nyumba.

Sina la kumfanya. Ana miaka sabini, ananipikia uji nikiugua, na rohoni amefanya alivyoona ni sawa. Nimeilaza tena chini ya ngazi. Imetikiswa mara saba, imekaa juani kwa muda wa saa tatu. Kama ilikuwa hai, sasa sijui. Na bila karatasi hakuna atakayeamini kuwa ni kitu. Itaonekana dawa ya kikohozi.

Ahamada ameambiwa. Amepiga kelele ua mzima ukasikia. Amesema sasa ndiyo ni lazima nionje, maana karatasi haipo, karatasi ni mimi.

Alhamisi, 28 Oktoba.

Mafua. Pua zimeziba zote mbili kama nimetiwa nta.

Nilikuwa nimeshapanga. Ningeinusa tu. Miaka ishirini na miwili ya kazi, pua yangu ingetosha, haijanidanganya zaidi ya mara mbili. Kinywa kisingeguswa, kiapo kingebaki, wageni wangekunywa. Leo nimenusa karafuu, sikusikia kitu. Nimenusa mafuta ya taa, kimya. Koko Zaliha amenifukiza majani ya mchaichai chini ya shuka, nimetoka nimelowa jasho na pua ni ile ile.

Nimechoka na kila mtu. Nimechoka na pua yangu pia.

Ijumaa, 29 Oktoba.

Pua bado. Nimeswali Ijumaa bila kusikia neno la hotuba. Nimesugua kizibuo, nimepiga pasi kitambaa cha melimeli. Jagi la kioo lina ufa mdogo shingoni.

Jumamosi, 30 Oktoba.

Nitaandika yote kwa mpango, hata kama mpango hausaidii.

Saa tano nimesimama jikoni peke yangu. Koko alitoka, hataki kuona. Kizibo kilikatikia katikati. Nusu ya chini nimeitoa polepole kwa ncha ya kisu, robo saa nzima, bila kuisukuma ndani. Nikamimina kwenye jagi kupitia kitambaa, chupa nimeielekeza dirishani nione mashapo yanapokaribia shingo. Mkono haukutetemeka. Kazini haujawahi kutetemeka. Rangi ilikuwa ya tofali pembeni, nyekundu ya giza katikati. Rangi nzuri. Lakini rangi hudanganya, na pua yangu ilikuwa gogo.

Nilijaribu kila njia. Nilichovya kidole nikakipaka mkononi, kana kwamba ngozi inajua kitu. Nilifikiri kumwita Koko anuse yeye. Nilifikiri kusema tu ni mbovu na kuumwaga, mambo yaishe. Hata kama ni mzima ningeumwaga, basi. Nani angejua? Ila mimi sijawahi kusema chupa nzima ni mbovu, wala mbovu ni nzima, hata siku moja. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Sina nyingine.

Nikasema nitasukutua, nitatema. Kiapo kimevunjika hapo hapo, najua. Kinywa ni kinywa.

Nikauweka ulimini. Haukuwa siki. Haukuwa umekufa. Nimesimama pale mfano wa mtu aliyeitwa jina lake nyuma yake. Mafua yakaachia kidogo, upande mmoja tu, ikanijia harufu ya tende zilizokaa ndani ya mkoba wa ngozi. Miaka ishirini na miwili nimetema mizuri na mibaya, sijawahi kukutana na kitu kama kile.

Mfereji ulikuwa hatua moja mkono wa kushoto. Ahamada akaingia akauliza: "Vipi?" Ningeweza kugeuka nikatema nikamjibu. Sikugeuka. Nimemeza. Si kwa sababu yake. Nimemeza kwa sababu nilitaka kumeza.

Nikamwambia uko hai.

Mezani walikaa saba: wageni wanne, Ahamada, katibu mmoja wa wizara, na Bwana Atumani wa ofisi ya bandari, mtu wa Mutsamudu, nyumba yao si mbali na ya Fundi Hamadi. Sikujua kama atakuwepo. Nimemimina kwa utaratibu. Ahamada akatangaza kwa sauti kwamba karatasi ya chupa imepotea, lakini Mzee Salimu ameionja mwenyewe na ametoa shahada. Neno hilo alilitumia, shahada. Wakapiga makofi. Bwana Atumani naye akapiga makofi, glasi yake tupu mbele yake, nikamjazia tena kwa sababu aliisogeza.

Wengi walikunywa kama wanakunywa maji. Ahamada aliusifu sana, kwa maneno ya kitabuni. Mgeni mmoja tu, mtu mwembamba, mkubwa kwa umri, hakusema kitu. Alishika glasi yake mpaka ikabaki tone. Walipoinuka alipita jikoni, akanipa mkono. Hakuna mgeni aliyewahi kuingia jikoni kwangu kunipa mkono.

Madaktari watakuja, inaonekana. Nimefurahi kwa hilo. Nalia kwa lile jingine.

Jumapili, 31 Oktoba.

Nimesukutua kwa maji ya chumvi. Nimeswali. Nimetubu. Kila nikitubu najikuta naikumbuka ladha, na nikiikumbuka sijutii vya kutosha, basi naanza upya. Mafua yamepona leo asubuhi. Leo!

Alhamisi, 4 Novemba.

Simu ya maandishi kutoka kwa Daudi. Maneno matatu: NJOO. FUNDI AMESIKIA.

Atumani amekwenda nyumbani Jumanne. Ameeleza barazani, nje ya msikiti, kwamba amemwona Salimu kwa macho yake, ameonja mvinyo mbele ya wakubwa na amesifiwa. Amewaonea huruma watu wa Fundi, ati. Huyu aliyekunywa glasi tatu! Nilihesabu, mimi ndiye niliyemimina. Nyani haoni kundule.

Na kusema kweli hakusema uongo. Ndicho kinachonichoma. Angekuwa amezua ningemrukia.

Jumapili, 7 Novemba. Mutsamudu.

Mariamu hajanitupia neno tangu nishuke boti. Nuria amejifungia chumbani, chumba kile kile tulichomjengea aolewe ndani yake. Nimegonga. Amesema kutoka ndani, "Baba, kweli?" Nikasema nitakwenda kwa Fundi kesho. Hakuuliza tena. Mtoto ameelewa.

Kama hata huyu ataondoka, hapatakuwa na wa tatu. Mji huu una vichochoro vyembamba, habari haina pa kupotelea.

Jumatatu, 8 Novemba.

Tumekaa tena sebuleni kwa Fundi. Daudi, jirani yule yule shahidi, na Atumani ameitwa. Anli hakuwepo. Nilitarajia ukali. Fundi alikuwa amechoka tu, macho mekundu, ametoka kusomesha.

Amenitazama mimi, si Atumani. Ameniuliza chupa ilikuwa ya miaka mingapi. Ishirini na saba. Imekaa wapi? Moroni, miaka kumi au zaidi. Katika joto hili? Katika joto hili. Akatikisa kichwa kwa muda. Kisha akafungua kitabu kilichokuwa tayari kina uzi katikati, akasoma kwa Kiarabu, akatufasiria: mvinyo ukigeuka siki wenyewe, bila mtu kutia kitu ndani yake, umetwaharika. Ni halali. Si pombe tena. Aliyekula kiapo cha pombe akagusa siki, kiapo chake kizima.

Akafunga kitabu. Akasema: "Wewe ndiye mjuzi hapa. Mimi sijui vitu hivyo, na Bwana Atumani, bila shaka, hakuvigusa." Atumani alikuwa anatazama mkeka. "Basi tuambie. Ilikuwa mvinyo, au ilikuwa siki?"

Nimeuona mlango. Ameufungua yeye mwenyewe, polepole, mbele ya mashahidi. Ule uzi haukuwekwa kitabuni asubuhi ile kwa bahati. Mwanawe pia anampenda Nuria.

Nimemtazama Atumani. Yeye peke yake katika Mutsamudu nzima angeweza kusema ulikuwa mvinyo, na mzuri. Angelisema hilo ingebidi aseme amejuaje. Hakuinua macho.

Nilishika kikombe nisinywe. Kahawa ilipoa. Nilifikiri juu ya yule mgeni mwembamba na mkono wake. Nilifikiri kwamba sijapata kuisingizia chupa. Upuuzi gani, mtoto wangu analia chumbani nami nina huruma na chupa. Lakini ndivyo nilivyofikiri, na daftari hili ni langu.

Nikasema: "Siki, Fundi."

Akasema alhamdulillahi, wote wakasema alhamdulillahi, Atumani kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikahi itabaki siku yake. Fundi amenisindikiza mpaka mlangoni, na pale, peke yetu, hakunitazama usoni.

Jumatano, 10 Novemba.

Mji unacheka. Salimu amewapa wageni wa serikali siki, wakaisifu! Sokoni muuza ndizi ameniuliza kama nina siki ya achari. Daudi anacheka pia, anadhani nitafurahi. Wananiita Salimu Siki. Litabaki. Majina ya namna hii mtu huzikwa nayo.

Najua lazima nicheke. Nacheka. Usiku taya linauma.

Mariamu amenipikia. Nuria ameimba asubuhi akifagia, alipokuwa hajui namsikia. Ingekuwa haki niandike kwamba hilo linatosha. Leo halitoshi. Labda kesho.

Jumatatu, 15 Novemba.

Barua ya Ahamada. Habari imevuka bahari kurudi Moroni, upesi kuliko mimi. Amepata aibu kubwa. Aliyeusifu ni yeye, mbele ya katibu wa wizara, kwa maneno yale yote, na sasa wizara nzima inamwuliza siki ya Bordo inauzwaje. Ananiita mdanganyifu, nimemhujumu. Nisirudi kazini.

Nilianza jibu. "Bwana Ahamada, haukuwa siki, ulikuwa mvinyo bora kuliko yote niliyowahi kumimina, na sifa zako zilikuwa za haki." Nimeichana. Barua hupita mikononi mwa mtu wa boti, na mtu wa boti ni wa Mutsamudu.

Kwa hiyo yule kijana ataishi akidhani hajui kutofautisha. Simpendi, lakini hilo sikumtakia.

Alhamisi, 18 Novemba.

Nikahi imefungwa baada ya alasiri, msikitini. Hapakuwa na karamu kubwa kwa sababu ya redio, sinia sita tu, na Mariamu ameingiza tatu zaidi kwa mlango wa nyuma. Anli alipoingia nyumbani kwetu kama mume, wanawake wakapiga vigelegele chini kwa chini kwanza, halafu wakasahau wakapiga vya kweli.

Atumani alikuja. Amekula vizuri. Amenikumbatia mbele za watu, akaninong'oneza sikioni kwa Kiswahili badala ya lugha ya huku, hakika ili wengine wasielewe: "Mzee, siki ile sitaisahau."

Nilitaka kumpiga. Kisha nilitaka kumwuliza aliionaje.

Alhamisi, 25 Novemba.

Siku ya tatu ya saumu. Mwezi wa mfunguo tatu umeandama, na watu wengi wanafunga siku hizi kwa sunna, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Mariamu anadhani nimekuwa mcha Mungu kwa kukosa kazi. Ameninunulia kofia mpya.

Nafunga kafara ya kiapo. Kulisha maskini kumi siwezi sasa, basi siku tatu. Nimesoma mwenyewe, sikumwuliza Fundi. Kwa kiapo ipo. Kwa neno lile moja nililomwambia yeye, nimefungua kurasa nyuma na mbele, sikuona kipimo.

Leo jioni Nuria ameleta uji wa mchele na samaki wa kukaanga, ameketi nami nikifungua. Mumewe yuko msikitini na baba yake. Ameniuliza, bila kunitazama, akichambua miba kunitengenezea, kama kile kitu cha Moroni kilikuwa kikali kama siki ya achari.

Nimemwambia hapana. Hakikuwa kikali.

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea samaki.